Nikichana kijiweni nipo kwenye biti, nikirekodi nachelewa. Tatizo ni mimi au simu?

"Shikamoo kaka. Nina miaka 19, naishi Kihonda, Morogoro. Kijiweni nikichana, yaani nikirap, watu wanapiga kelele, na video tulizochukua kwa simu zinanionyesha nipo kwenye biti kabisa. Lakini nikirekodi chumbani kwa programu ya simu, nikiwa na hedifoni zangu za Bluetooth, nikija kusikiliza nakuta sauti inaburuzika nyuma ya biti. Nimeshatuma vesi kwenye mashindano mawili ya rimiksi, yale ambayo msanii anaachia biti na kuacha nafasi ya mistari 16. Kote nimetoka kapa, na jaji mmoja aliandika 'dogo hana flo'. Rafiki yangu anasema ninunue maiki ya 350,000. Mwingine anasema shida ni kwamba nachana vitu nilivyoandika, eti hiyo siyo fristaili, ndiyo maana haina moto. Sasa kuna shindano la tatu, kutuma ni kwa mtandao, wanataka ada ya 20,000 na kujaza fomu inayosema kila vesi itakayotumwa ni mali ya waandaaji. Halafu sauti inanikauka nikichana zaidi ya saa moja, naambiwa nimeze mayai mabichi. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Jibu la swali lako kubwa limo humohumo, umeliandika bila kujua. Kwenye video upo kwenye biti, kwenye programu upo nyuma. Mdomo ni uleule na mapafu ni yaleyale. Kilichobadilika ni njia inayopita biti mpaka ikufikie sikioni. Kabla hujaikubali hukumu ya yule jaji, tuikague hiyo njia.

Hedifoni ya waya inapokea muziki moja kwa moja. Ya Bluetooth inapitia safari. Simu inaibana biti, inaikata vipande vidogo, inavirusha hewani. Hedifoni inavipokea, inaweka akiba kidogo ili muziki usikatikekatike, inavifungua, ndipo wewe unasikia. Safari hiyo mara nyingi inakula kati ya milisekunde 100 na 300, kutegemea simu na hedifoni yenyewe. Ukiangalia filamu hulioni tatizo hilo kwa sababu programu nyingi za video zinaichelewesha picha makusudi, ili midomo na maneno viende pamoja. Kwenye kurekodi hakuna anayekufanyia hisani hiyo. Biti imeshapita snea, ile ngoma kali inayolia "pa", wewe ndiyo kwanza unaisikia, unachana juu ya ulichokisikia, na programu inaiandika sauti yako pale ilipoingia.

Milisekunde 200 zinasikika kama kitu kidogo, lakini tupige hesabu. Biti ya BPM 90, yaani mapigo 90 kwa dakika, ambayo ni mwendo wa kawaida kwa hip hop, ina milisekunde 667 hivi kati ya pigo na pigo. Sisi wachanaji tunaligawa kila pigo mara nne, kwa hiyo kila robo ina milisekunde 167. Hedifoni ikichelewa 200, silabi uliyoitua juu ya snea kwa usahihi wote inaangukia zaidi ya robo moja nyuma yake. Jaji haijui hedifoni yako. Anachosikia ni dogo anayekimbiza basi lililokwisha kutoka stendi ya Msamvu.

Kuna la pili ambalo hukulitaja ila nalihisi. Programu nyingi zina swichi ya kukusikilizisha sauti yako mwenyewe wakati unarekodi. Kama umeiwasha na hedifoni ni ya Bluetooth, unasikia neno lako limeshachelewa huku unatamka linalofuata. Ubongo wa binadamu haupendi kabisa hali hiyo. Watafiti wa usemi wanajua kwamba sauti ya mtu ikirudishwa sikioni kwake na kuchelewa karibu milisekunde 200, msemaji mzima kabisa anaanza kuvuta maneno na hata kugugumia. Izime hiyo swichi leo.

Sasa usiniamini kwa maneno tu, fanya jaribio la makofi. Weka biti kwenye programu yako, vaa hedifoni zilezile za Bluetooth, rekodi, na badala ya kuchana piga kofi juu ya kila snea kwa dakika moja. Kisha kuza mchoro wa sauti kwenye kioo na utazame makofi yako yameangukia wapi. Yakiwa yamechelewa yote kwa umbali uleule, kosa ni la mashine. Yakiwa mengine mbele, mengine nyuma, mengine sawa, hapo ni wewe, na tutazungumza namna nyingine. Rudia kwa hedifoni ya waya. Hata waya utachelewa kidogo, maana simu yenyewe nayo inahitaji muda wa kuchakata, ila pengo linapungua sana. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, kuna vichwa vya kuunganishia kwenye tundu la chaji. Ukikosa hata hicho, azima simu ya pili, icheze biti kupitia hedifoni ya waya, na simu yako ifanye kazi moja tu ya kurekodi mdomo. Biti na sauti utazipanga pamoja baadaye.

Na kama kosa ni la umbali uleule, zile vesi zako mbili huenda hazijafa. Zifungue, shika mstari wa sauti yako, uburute kushoto mpaka silabi ziketi kwenye snea. Kwa kazi mpya, anza kila rekodi kwa kofi moja juu ya pigo la kwanza unalolisikia, ili uwe na alama ya kuburutia. Programu kama BandLab zina sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji kabisa, itafute kwenye mipangilio. Nimeshamwona kijana aliyekataliwa kwenye mchujo asubuhi akapita jioni kwa vesi ileile, kilichosogezwa ni sauti tu.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Inawezekana sehemu ya tatizo ni kalamu yako pia, na hili nalisikia kwa wengi wanaotuma vesi.

Shuleni ulisoma mashairi, unaijua mizani. Mshororo wa kawaida wa shairi una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Sasa angalia kinachotokea kwenye biti: mapigo manne, kila moja robo nne, jumla 16. Mshororo mzima wa mizani 16 unajaza kila robo ya mstari mmoja wa biti, hakuna hata nafasi moja iliyo wazi. Kwa BPM 90 hizo ni silabi sita kila sekunde. Unaweza kuzitamka, ndiyo, ila utavuta pumzi saa ngapi? Kijiweni hulioni hilo kwa sababu washikaji wanakupokea mwisho wa mstari, wanapiga kelele, na kelele zao ndizo pumzi yako. Chumbani hakuna wa kukupokea. Mstari wa tano pumzi imeisha, wa sita unaanza kuchelewa, na ule uchelewaji ndio unaoitwa kukosa flo. Vesi ya mistari 16 kwa mwendo huo ni kama sekunde 43. Hesabu silabi zako mstari kwa mstari. Ukikuta zote ni 15 au 16, chukua nusu ya mistari hiyo, uipunguze ibaki na silabi 11 au 12 kila mmoja, na uamue mapema ni robo zipi zitabaki kimya. Kimya nacho ni sehemu ya mchano.

Halafu vina. Kiswahili kimetudekeza, maneno karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mtu anaweza kuimba "choka" na "cheka" akadhani ameweka kina. Kwenye karatasi vinafanana. Kwenye biti sikio halisikii kitu, kwa sababu mkazo wa neno la Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo una "cho" na "che". Kina chenye meno kinaanzia kwenye irabu ya mkazo: choka, toka, soka. Na kikiunganisha kitenzi na jina la kitu au la mahali, kinauma zaidi, maana msikilizaji hakikitarajii. Wewe unakaa Kihonda, umepewa zawadi, kuna kukonda na kuna vidonda. Sijui kwa nini vijana wa kila mkoa wanataja Sinza na Masaki za Dar ambako hawajawahi kulala. Morogoro ndiyo iliyomtoa mchanaji Afande Sele, aliyetwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004. Huhitaji kuazima mtaa.

Ile silabi ya mkazo ndiyo inayopaswa kutua kwenye snea. Ukiona neno zuri halikai, usilisukume kwa nguvu. Badilisha neno lililotangulia, liwe fupi au refu kwa silabi moja, utaona lile la mwisho linajituliza lenyewe.

Kuhusu fristaili na kuandika, mwambie rafiki yako kwamba hilo jina lina historia ndefu kuliko ubishi wa kijiweni. Big Daddy Kane, mchanaji wa Brooklyn, New York, ameeleza kuwa zama zao, miaka ya 1980, fristaili ilikuwa vesi uliyoiandika bila kufungwa na mada, unajigamba tu na kucheza na maneno. Kutunga papo kwa papo kulihesabiwa kitu kingine. Maana ya leo ilikuja kutawala baadaye. Na hata leo, nyingi kati ya zile mnazoziita fristaili za redioni, mchanaji amekuja nazo kichwani kutoka nyumbani. Kuandika siyo kudanganya. Kudanganya ni kusema umetunga hapohapo wakati umekariri.

Ila rafiki yako amegusa kitu cha kweli anapotaja moto. Mwaka 2012 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha utafiti wao wa kupiga picha za ubongo wa wachanaji 12 wazoefu, mara wakichana vesi walizokariri, mara wakitunga papo kwa papo. Walipotunga, sehemu fulani za mbele za ubongo zinazohusika na kujisimamia na kujihakiki zilipunguza kazi, na nyingine zinazohusika na msukumo wa ndani zikapandisha. Kwa lugha ya mtaani, askari wa getini alisinzia. Mimi naamini ukibonyeza kitufe chekundu chumbani askari huyo anaamka, anakagua kila neno, na wewe unachana kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Dawa ninayowapa vijana wangu ni hii: rekodi dakika kumi za upuuzi bila kusimama, biti ikizunguka, ukikosa neno sema chochote, taja ndoo, taja ugali. Kesho yake sikiliza, utoe mistari mitatu au minne iliyo hai, ujenge vesi ya kuandika kuizunguka. Kisha ikariri mpaka uichane unaosha vyombo. Ukisoma kwenye kioo cha simu macho yanasikika, sijui nikuelezeje, lakini yanasikika.

Na usione haya kuchana juu ya biti ya mwenzako. Rap ya Kiswahili ilianzia huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J alikuwa akiweka Kiswahili juu ya nyimbo za Wamarekani, na mashindano ya Yo! Rap Bonanza pale Dar es Salaam yalikuwa jukwaa la vijana wa rika lako.

Maiki ya 350,000 usinunue. Kwa sasa, nasema. Kwa shindano la aina hii simu yako inatosha, kinachokuangusha ni chumba. Maiki nyingi za bei hiyo ni kondensa, zina masikio mapana, zitakuletea jogoo wa jirani, bodaboda ya barabarani na mwangwi wa kuta zako nne kwa ubora wa hali ya juu. Tena si ajabu ukahitaji na kadi ya sauti ya kuiunganisha, gharama nyingine hiyo. Fungua kabati la nguo au tundika blanketi zito, na hapa wengi wanakosea: wanaliweka nyuma ya simu. Maiki inakutazama wewe, kwa hiyo inasikia pia ukuta ulio mgongoni kwako. Anza na mgongo wako. Simu iwe umbali wa shubiri moja, iwe pembeni kidogo ya mdomo na siyo mbele kabisa, ili "p" na "b" zisiipulize. Kipimo cha sauti kwenye programu kikionyesha nyekundu, shusha kiwango cha kurekodia. Sauti iliyopasuka haiponi. Iliyo ndogo tunaweza kuipandisha. Na chumba chako kikiwa na paa la bati, tazama mawingu kabla hujaanza. Mimi nilishapoteza usiku mzima wa kazi kwa mvua ya dakika ishirini.

Usirekodi kwa ile programu ya kurekodi mazungumzo iliyokuja na simu. Nyingi zimepangwa kufuta kelele, na zinachokiita kelele ni sauti yoyote ndogo. Kwa Kiswahili silabi ya mwisho ndiyo dhaifu, na ndiyo iliyobeba kina chako. Inaliwa. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, na ukituma kwa WhatsApp tuma faili kama hati, maana ujumbe wa sauti unabanwa mno. Tuma sauti peke yake, bila biti, bila mwangwi wa mapambo, isipokuwa wameomba vinginevyo. Anayemiksi rimiksi atakushukuru.

Sasa hilo shindano la tatu. Ada peke yake siyo wizi. Shindano la ukumbini lina spika za kukodi, lina ukumbi, lina umeme. Lakini hapa unatuma faili kwa mtandao, unalipa 20,000, na fomu inachukua kila vesi, siyo ya mshindi tu. Maana yake wewe unalipa ili ugawe mali yako. Maneno yako ni yako tangu ulipoyaandika au kuyarekodi, ndivyo ulinzi wa hakimiliki unavyofanya kazi, na hapa kwetu unasimamiwa na sheria ya 1999 ya hakimiliki na hakishiriki. Biti siyo yako. Rimiksi ikikamilika ina wenyewe zaidi ya mmoja, na hakuna anayepaswa kuiuza bila idhini ya mwenzake. Fomu ya haki inaomba ruhusa ya kutumia vesi, kwa kazi ipi na kwa muda gani. Fomu inayosema "ni mali yetu" inahamisha umiliki. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, kama kumpangisha mtu chumba na kumwandikia hati ya nyumba.

Waandikie uwaulize: vesi zisizoshinda mtazifanyia nini? Majaji ni kina nani, au mshindi anapatikana kwa wingi wa kura za mitandaoni? Kama ni kura, wanapima ukubwa wa ukoo wako. Wakijibu kwa maandishi na kubadilisha kipengele hicho, haya, amua mwenyewe. Wasipojibu, ningekuwa mimi nisingetuma. Na akitokea mtu akakupigia kwamba umepita, utume kiasi fulani kwenye namba yake ili ushikiwe nafasi ya fainali, kata simu. Siku ukishinda kitu chenye mkataba wa kurasa kadhaa, usitie saini siku hiyohiyo kwa furaha. Upeleke kwa wakili, au uende COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, ukaulize ana kwa ana.

Mayai mabichi hayafiki kwenye nyuzi za sauti. Chakula na kinywaji vinapita njia nyingine, na kitu chochote kikizigusa nyuzi hizo utakohoa mpaka machozi. Tangawizi na asali zinaliwaza koo, basi. Kinachosaidia ni maji kidogo kidogo siku nzima, ili mwili uzilainishe nyuzi kutokea ndani, na kupumzika. Sauti inakauka kwa sababu kijiweni unashindana na spika na pikipiki, kwa hiyo unapaza kwa kubana koo badala ya kusukuma kwa tumbo. Chana dakika 20, nyamaza kumi. Usinong'one ukidhani unaipumzisha, kunong'ona kwa nguvu nako kunaichosha.

Ukikauka leo na kesho ukaamka sawa, huo ni uchovu. Lakini sauti ikibaki na mikwaruzo zaidi ya wiki tatu, au ukasikia maumivu ukimeza, au ukatema damu, nenda hospitali uonane na daktari wa masikio, pua na koo. Mimi nasikiliza kwa masikio tu, yeye ana kifaa cha kuzitazama hizo nyuzi. Mwambie kabisa kwamba unachana, na saa ngapi kwa siku. Na masikio nayo: kama yanalia "ngiii" kila unapovua hedifoni, punguza sauti, na mlio usipokwisha mtajie daktari huyohuyo.

Fanya makofi kwanza. Matokeo yake, ya Bluetooth na ya waya, nitumie kama hati nikukagulie.